Maswali ya Wasomaji: Pointi za Kadi ya Mkopo na Nauli ya Kurudi Nyumbani

Safu hii hupokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji waishio Marekani, na kwa miezi ya karibuni sehemu kubwa ya barua hizo imehusu jambo moja: tuzo zinazotolewa na kadi za mkopo, yaani pointi, maili (pointi za mashirika ya ndege) na marejesho ya fedha. Nimechagua baadhi yake, nimeondoa majina, na nimefupisha pale ambapo msomaji alieleza zaidi ya yale yaliyohitajika. Wawili waliniandikia hadi namba za kadi zao. Nimezifuta, na ninaomba jambo hilo lisirudiwe.

Ndugu Mshauri, mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 6 na 9, na ninafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Columbus, Ohio. Kwa miaka mitatu nimekusanya pointi 84,000 za benki ya Chase. Tovuti yao inaniambia kwamba ninaweza kuzigeuza kuwa fedha, kununulia bidhaa, au kuzihamishia katika shirika la ndege. Ninataka kuwapeleka watoto Arusha kwa bibi yao mwezi Desemba. Pointi hizi zina thamani gani hasa?

Dada yangu, pointi haina bei ya kudumu. Bei yake hujulikana siku unapoitumia. Ukizigeuza pointi za Chase kuwa fedha taslimu, kila moja hukupa senti 1, kwa hiyo zako 84,000 ni sawa na dola 840, na hicho ndicho kipimo cha chini utakacholinganisha nacho njia nyingine zote. Ukizitumia kununulia bidhaa katika maduka ya mtandaoni, kwa kawaida utapata chini ya hapo. Wasomaji wenye pointi za American Express wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa zikitumika kupunguza deni la kadi kila pointi huwa na thamani ya takriban senti 0.6 tu.

Kwa upande wa tiketi, ningependa uifanye hesabu hii kwa mkono wako kila mara. Chukua nauli ambayo ungelipa kwa fedha, toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia pointi, kisha gawanya kinachobaki kwa idadi ya pointi zinazotakiwa. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Columbus na Kilimanjaro inauzwa dola 1,850 karibu na Krismasi, na shirika linaitoa kwa maili 80,000 pamoja na dola 250 za kodi na tozo. Dola 1,600 ukizigawanya kwa 80,000 unapata senti 2 kwa kila pointi, yaani mara mbili ya fedha taslimu. Tuseme safari ileile inafanyika Februari, nauli imeshuka hadi dola 1,100, lakini maili na tozo hazikubadilika. Sasa unagawanya dola 850, na unapata zaidi kidogo tu ya senti 1. Katika hali hiyo mimi ningelipa nauli kwa fedha na kuziweka pointi, kwa sababu tiketi ya kulipiwa kwa kawaida nayo huongeza maili, ilhali tiketi ya maili haiongezi chochote.

Kabla ya yote hayo, angalia unashika kadi ipi. Pointi za Chase Freedom Unlimited peke yake haziwezi kuhamishiwa katika mashirika ya ndege. Ni lazima uwe pia na kadi kama Sapphire Preferred, ambayo ada yake ni dola 95 kwa mwaka, ndipo mlango huo ufunguke. Ukishakuwa nayo, kila pointi huhama kama maili 1. Kwa safari ya Arusha ningetazama njia mbili. Ya kwanza ni Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, kwa kuwa KLM hutua Kilimanjaro ikitokea Amsterdam, na kwa kuwa mpango huo huwapa watoto wa miaka 2 hadi 11 punguzo la asilimia 25 ya maili katika ndege za mashirika hayo mawili. Watoto wako wote wawili wanaingia humo. Ya pili ni mpango wa maili wa shirika la United au Aeroplan, mpango wa Air Canada; mashirika hayo yamo katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege uliopokea Ethiopian Airlines mwaka 2011. Maili zao zinaweza kukupandisha ndege ya Ethiopian kutoka Washington hadi Addis Ababa na kuendelea hadi Kilimanjaro. Flying Blue hutoza nyongeza ya mafuta inayoweza kuwa kubwa, lakini United na Aeroplan hazitozi nyongeza hiyo, kwa hiyo usilinganishe idadi ya maili pekee bila kutazama dola zilizoandikwa chini yake.

Sasa niseme lile ambalo huenda hukutaka kulisikia: pointi 84,000 hazitawabeba watu watatu kwenda na kurudi wakati wa Krismasi. Ningekushauri uzitumie kwa tiketi moja, yako wewe uliye mtu mzima na usiye na punguzo la mtoto katika nauli, au kwa safari ya upande mmoja ya wawili kati yenu endapo idadi ya maili itaruhusu, na nauli iliyobaki uilipe kwa fedha ulizoanza kuweka tangu sasa. Tafuta viti mapema, takriban miezi 11 kabla, mashirika yanapofungua ratiba. Likizo ya watoto ikikuruhusu kuondoka mwanzoni mwa Juni au kurudi baada ya tarehe 10 Januari, jaribu tarehe hizo pia.

Neno moja la tahadhari, nililojifunza kwa gharama yangu. Pointi zikishahamishiwa katika shirika la ndege hazirudi benki. Niliwahi kuhamisha pointi 50,000 usiku, nikiwa nimekiona kiti, nikalala nikidhani nitakamilisha asubuhi. Asubuhi kiti kilikuwa kimechukuliwa na maili zangu zikakaa katika akaunti ambayo sikuwa na haja nayo kwa karibu miaka miwili. Tafuta kiti kwanza, pigia shirika simu ukithibitishe kama unaweza, halafu uhamishe na kukata tiketi kwa mkao uleule.

Mshauri, nina kadi inayonirudishia asilimia 2 ya kila ninachonunua, na kwa sababu hiyo ninalipia kila kitu kwa kadi. Kwa sasa nina deni la dola 3,000 ambalo ninalipunguza taratibu. Je, kuna kadi yenye tuzo kubwa zaidi ambayo ningehamia? (Houston, Texas)

Ndugu yangu, usihamie kokote. Kadi yako ikitoza riba ya asilimia 24 kwa mwaka, na wastani wa riba za kadi nchini humo umekuwa zaidi ya asilimia 20 tangu mwaka 2023, basi deni la dola 3,000 linakugharimu takriban dola 60 kila mwezi. Ulipoyafanya manunuzi hayo ya dola 3,000 ulipewa tuzo ya dola 60. Mwezi mmoja wa riba umeila tuzo yote, na miezi inayofuata unalipa kutoka mfukoni.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Sheria ya mwaka 2009 inamtaka mwenye kutoa kadi akupelekee taarifa ya mwezi angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa, na kwa kadi nyingi ukilipa deni lote lililoandikwa katika taarifa hiyo kabla ya tarehe kufika, manunuzi hayatozwi riba hata kidogo. Ukibakiza deni, nafuu hiyo huondoka, na kila kitu kipya unachonunua huanza kuhesabiwa riba tangu siku ya kukinunua. Maana yake ni kwamba hata mkate unaolipia leo kwa kadi hiyo unaununua kwa riba ili upate asilimia 2. Iweke kadi kabatini, tumia kadi ya akaunti yako ya benki kwa mahitaji ya kila siku, na kila dola unayoweza kuipata ielekeze kwenye deni. Likiisha, niandikie tena tuzungumze kuhusu tuzo.

Ninatuma dola 500 kwa wazazi kila mwezi kupitia programu ya simu. Rafiki yangu anasema nikilipia kwa kadi ya mkopo badala ya akaunti ya benki nitapata pointi 6,000 kwa mwaka bila jasho. Ni kweli?

Rafiki yako hakufungua taarifa yake ya mwezi akaisoma hadi mwisho. Benki nyingi huhesabu malipo kwa kampuni za kutuma fedha kama utoaji wa fedha taslimu kwa kadi. Utoaji huo haupewi pointi, hutozwa ada ambayo mara nyingi ni asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa zaidi, na riba yake, ambayo aghalabu ni kubwa kuliko ya manunuzi, huanza siku hiyohiyo bila kusubiri taarifa. Kwa dola 500 utalipa dola 25 kabla hata riba haijaanza, mbali na kile ambacho kampuni yenyewe huongeza kwa wanaolipa kwa kadi. Hata kama benki yako ingekuwa miongoni mwa zile zinazouhesabu muamala huo kama manunuzi ya kawaida, pointi 500 kwa mwezi zina thamani ya dola 5, na ni nadra nyongeza ya kulipa kwa kadi kuwa ndogo kuliko hapo.

Endelea kutuma kutoka akaunti ya benki, na linganisha kiwango cha kubadilishia fedha cha kampuni mbili au tatu siku ya kutuma, kwa kuwa tofauti ya shilingi chache kwa kila dola huwafaa wazazi wako kuliko pointi hizo. Ili ulale salama zaidi, piga simu benki uombe kikomo cha kutoa fedha taslimu kwa kadi yako kishushwe hadi kiwango cha chini kabisa wanachokubali. Muamala wa namna hiyo ukijaribu kupita kwa bahati mbaya, utakataliwa.

Kwa nini kadi yangu ya kawaida ya benki, inayokata fedha moja kwa moja katika akaunti, hainipi chochote, ilhali kadi ya mkopo ya benki ileile inanipa tuzo?

Tuzo hutoka kwa sehemu kubwa katika ada ambayo muuza duka hukatwa kila unapopitisha kadi, na sehemu nyingine hutoka katika riba ya wenye madeni. Tangu Oktoba 2011, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2010, ada ya kadi za akaunti kwa benki kubwa, zile zenye mali ya dola bilioni 10 na zaidi, imewekewa kikomo cha senti 21 pamoja na asilimia 0.05 ya muamala, na nyongeza ya senti 1 kwa ajili ya kuzuia ulaghai. Ada ya kadi za mkopo haikuguswa. Benki haina cha kukugawia katika senti 22, lakini katika ada ya kadi ya mkopo, ambayo kwa kawaida ni ya zaidi ya asilimia 1, kipo. Muuza duka naye hupandisha bei kidogo kwa wote, na ndiyo maana mtu anayelipa kwa noti huchangia safari ya anayelipa kwa kadi.

Je, kadi yenye ada ya mwaka inafaa kwa familia inayotumia fedha nyingi kwa chakula?

Inategemea mnanunua wapi. Kadi ya Blue Cash Preferred ya American Express hurudisha asilimia 6 ya manunuzi ya supamaketi za Marekani, hadi dola 6,000 kwa mwaka, kwa ada ya dola 95. Ndugu yake asiye na ada, Blue Cash Everyday, hurudisha asilimia 3 kwa kikomo hichohicho. Tofauti ni asilimia 3, kwa hiyo ada hiyo hurudi mkifikisha takriban dola 3,170 kwa mwaka, yaani kama dola 61 kwa wiki, na kwa familia ya watu watano hilo si jambo gumu. Tatizo ni kwamba Walmart, Target na Costco hazihesabiwi kuwa supamaketi kwa kadi hizo, na Costco za Marekani hata hazipokei kadi ya mkopo isiyo ya Visa. Duka la Waafrika mnakonunua unga wa ugali, samaki wakavu na majani ya muhogo laweza kuwa limeandikishwa kama supamaketi au kama kitu kingine kabisa. Nunueni mara moja, kisha mwangalie katika akaunti limehesabiwa vipi. Familia ninayoifahamu iligundua kwamba karibu chakula chake chote hutoka Costco na duka la Msomali, nayo ikarudi kwenye kadi ya asilimia 2 isiyo na ada wala masharti.

Nimepata kadi mpya inayoahidi pointi 60,000 nikitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Matumizi yangu ni dola 800 kwa mwezi. Kaka zangu wawili wamekubali nilipie manunuzi yao nao wanipe fedha. Tena tuna upatu wa watu kumi, na nimefikiria kulipia mchango wangu kwa kadi. Unaonaje?

Bonasi ya kujiunga ndiyo tuzo kubwa kuliko zote. Kwa matumizi ya dola 800 kwa mwezi, kadi inayotoa pointi 1 kwa kila dola ingekuchukua zaidi ya miaka sita kufikisha pointi 60,000. Kwa hiyo ninaelewa kwa nini umeitamani, ila kadi uliichukua mapema mno. Kadi ya namna hiyo huombwa wiki chache kabla ya gharama kubwa iliyopangwa: bima ya gari ya miezi sita, tiketi za likizo, matairi, karo ya chuo kama chuo hakitozi ada ya kadi.

Kuwalipia kaka zako manunuzi halisi si kosa, lakini mbele ya benki deni ni lako peke yako. Wakupe fedha kabla hujapitisha kadi, si baada ya mshahara ujao. Ukiona aibu kumwambia kaka yako mkubwa hivyo, basi njia hiyo haikufai, maana kumdai itakuwa aibu zaidi. Tena akirudisha dukani alichonunua, kiasi hicho huondolewa katika hesabu ya dola 4,000, na unaweza kujikuta umepungukiwa na dola 90 siku moja baada ya miezi mitatu kuisha.

Kuhusu upatu, hapana. Venmo na Cash App, programu za simu za kutumiana fedha, hutoza asilimia 3 ukimtumia mtu fedha kutoka kadi ya mkopo, muamala waweza kuhesabiwa kama utoaji wa fedha taslimu, na American Express imeandika wazi katika masharti yake kwamba malipo ya mtu kwa mtu hayahesabiwi katika bonasi. Kama ukipiga hesabu ukaona matumizi yako na ya kaka zako hayatafika dola 4,000, acha bonasi ipite. Usinunue usichokihitaji ili kuikamilisha.

Mshauri, mimi ni mstaafu, ninaishi Tanga. Kijana wangu aliyeko Minneapolis anataka nikamtembelee na anasema tiketi yangu ataipata kwa pointi, bila kulipa nauli. Mimi naogopa kwamba anaingia katika deni kwa ajili yangu. Je, mtu anaweza kusafiri kwa pointi za mwingine? Na uhamiaji hawatahoji?

Mzee wangu, shikamoo. Ndiyo, mwenye maili anaweza kumkatia tiketi mtu mwingine yeyote, na tiketi hiyo ni halali kama nyingine. Afisa wa uhamiaji atatazama pasipoti na viza yako. Namna nauli ilivyolipwa haiandikwi mahali atakapopasoma. Hakikisha tu kwamba jina katika tiketi linafanana na lililo katika pasipoti herufi kwa herufi, hasa kama pasipoti ina majina matatu na wewe umezoea kutumia mawili.

Kuhusu deni, hofu yako ni ya mzazi na si ya bure. Pointi zenyewe si deni. Hupatikana kwa manunuzi ambayo kijana ameshayafanya, na kama kila mwezi hulipa yote anayodaiwa na kadi, basi nauli yako haitamgharimu zaidi ya kodi na tozo za tiketi. Muulize swali moja bila kumzungusha: je, kadi unailipa yote kila mwezi, au unabakiza? Akijibu kwamba hubakiza, mwambie aahirishe safari hadi deni liishe, nawe hutakuwa umemvunjia heshima.

Akikueleza kwamba pointi hizo atazinunua kwa mtu aliyemwona katika kundi la WhatsApp anayeuza maili kwa bei nafuu, mkataze. Mashirika ya ndege hayaruhusu biashara hiyo, na yakigundua huweza kufuta tiketi hata msafiri akiwa ameshaanza safari, na wewe usingependa kuambiwa hivyo ukiwa Addis Ababa au Amsterdam na sanduku lako limetangulia. Tiketi ikiwa tayari, akutumie herufi na namba sita za uhifadhi. Mjukuu yeyote mwenye simu ataziingiza katika tovuti ya shirika pamoja na jina lako la ukoo, na utaiona safari yako mwenyewe, tarehe, kiti na uzito wa mzigo unaoruhusiwa, kabla hujafunga begi.